Altezza inayotikisa usukani kwenye breki: shajara ya matengenezo, Kigoma

Jumamosi, 14 Juni 2025

Naanza kuandika leo kwa sababu jozi ya pili ya diski za breki za mbele (mabamba ya chuma ya duara yanayobanwa ili gari lisimame) imeniletea mambo yaleyale ya jozi ya kwanza, na safari hii sinunui kitu mpaka niujue ugonjwa.

Gari ni Toyota Altezza RS200 ya 2001, gia sita za mkono, matairi 215/45R17. Ukiliendesha bila kugusa breki limetulia kabisa. Breki za mjini, tuseme unateremka kutoka Mwanga kwenda stesheni nyuma ya bajaji, huhisi kitu, au unahisi kidogo sana kwenye vidole. Lakini ukikanyaga kwa nguvu ukiwa mwendo wa 80, usukani unacheza kushoto na kulia mikononi mwako, na kanyagio linakusukuma unyayo.

Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Manyovu, mbuzi wakakatiza barabara, nikakanyaga kwelikweli. Mama alikuwa kiti cha mbele. Alishika dashibodi kwa mikono miwili akaniuliza, "Mwanangu, tairi linachomoka?" Sikuwa na jibu la kumpa. Hilo limenikaa moyoni kuliko mtetemo wenyewe.

Historia yake ni hii. Agosti 2024 nilifunga diski mpya mbele, mtetemo ukaisha siku hiyohiyo. Desemba ukarudi. Januari nikanunua jozi nyingine, duka jingine kabisa, ukaisha tena. Mwezi Mei umerudi. Nimepiga hesabu kwenye daftari la mafuta: kila mara ni kilomita 5,000 hivi tangu diski zifungwe.

Fundi wangu wa Mwanga ni mzee ninayemheshimu, amenifundisha mengi. Jibu lake: "Mdogo wangu, hizo diski zimepinda. Unashuka milima ya Manyovu breki zikiwa za moto, halafu unapita kwenye maji." Ndivyo karibu kila fundi atakavyokwambia. Ila diski za maduka mawili tofauti kuharibika katika umbali uleule, hapo kuna kitu kinachoziharibu, nacho hakijaguswa bado.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya malori na daladala. Baada ya Mwandiga kuna sehemu barabara imenyooka na unaona mbali. Mdogo wangu alikaa pembeni na daftari, kazi yake kuangalia nyuma kabla sijakanyaga breki, na kuandika.

Kwanza bila breki: 60, 80, 100. Usukani kimya. Tairi ambalo halijabalansiwa vizuri hutikisa usukani kwenye mwendo fulani, mara nyingi kati ya 80 na 110, ukanyage breki usikanyage. Kwa hiyo balansi nimeiweka kando.

Breki za taratibu kutoka 80: mtetemo mdogo. Breki za nguvu: mkubwa. Nikarudia gia ikiwa huru, hali ileile, hivyo injini na propela shafti hazihusiki.

Kuna kipimo ambacho wengi hushauriana: vuta handibreki taratibu ukiwa kwenye mwendo, gari likitetemeka basi diski za nyuma ndizo mbovu. Kwenye Altezza kipimo hicho kinadanganya. Handibreki yake ina viatu vyake vidogo ndani ya kikombe cha diski ya nyuma, kama breki za dramu, na haigusi kabisa zile nyuso ambazo pedi (vipande vya msuguano vya breki) huzibana. Unaweza kuvuta mpaka jioni bila kujua lolote kuhusu diski yenyewe. Nikategemea kiti: mtetemo wa nyuma hupanda kwenye sakafu na makalioni, wa mbele huja mikononi. Mdogo wangu alisema kiti kimetulia. Basi ni mbele.

Na si ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge kwenye breki. ABS ikifanya kazi, kanyagio hugonga harakaharaka kwa mlio wa kukwaruza, hasa kwenye vumbi au mchanga. Huu wangu una mdundo, na mdundo unapungua kadiri gari linavyopungua mwendo. Chini ya 20 nimeweza kuuhesabu kwa mguu: karibu mara tatu kwa sekunde.

Hesabu yake nimeifanya nyumbani. Tairi la 215/45R17 lina mzingo wa mita 1.96 hivi. Mwendo wa kilomita 20 kwa saa ni mita 5.6 kwa sekunde, yaani mizunguko 2.8. Gurudumu likizunguka mara moja, mguu unasukumwa mara moja. Kitu fulani mbele kina sehemu moja isiyolingana na nyingine, na kila ikipita kwenye pedi inajitangaza.

Jumatano, 18 Juni

Nimeazima geji ya saa yenye kitako cha sumaku, ambayo mshale wake huonyesha misogeo midogo sana, pamoja na maikromita ya kupimia unene, kwa kaka mmoja anayefanya kazi kwenye karakana ya meli bandarini. Sharti lake: virudi kabla ya Sabasaba, vikiwa kwenye boksi lake, vimepanguswa.

Jumamosi, 21 Juni

Leo nimekagua miguu ya mbele. Gari juu ya stendi nne za chuma. Kuna jirani alinipa matofali, nikamshukuru nikayaweka pembeni. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Beringi za magurudumu: nimeshika tairi juu na chini, kisha kushoto na kulia, nikalitikisa. Hakuna uchezaji. Tairodi ziko imara. Boljointi za chini nilizikagua kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu boljointi ikiachia gurudumu hulala chini na gari huwezi kuliongoza tena. Ziko sawa, mipira yake haijachanika.

Bushi kubwa (mpira wa kiungo) ya mkono wa chini unaoshika gurudumu, upande wa kushoto, ndiyo iliyonionyesha kitu. Nilipoingiza mtaimbo na kusukuma, mpira ulifunguka ufa unaoingia ncha ya bisibisi, na mkono ukasogea. Wa kulia ukiusukuma hivyohivyo haufunguki.

Fundi alikuja jioni, akaiona, akasema, "Hiyo ndiyo. Funga bushi mpya, chonga na diski, vyote mara moja, umalize." Nimemwambia, "Sawa, mzee, ila naomba nianze na kimoja." Bushi iliyochoka hukuza mtetemo, hiyo kweli, kwa kuwa gurudumu linapata nafasi ya kwenda mbele na nyuma breki zinaposhika. Lakini haiwezi kutoa mdundo mmoja kwa kila mzunguko wa gurudumu. Mdundo unatoka kwenye kitu kinachozunguka. Nikifunga vyote kwa pamoja gari litapona na mimi nitabaki sijui kilichokuwa kinaliumiza, halafu tukutane hapa tena Novemba.

Bushi nimeiagiza Gerezani, Dar es Salaam, itakuja na basi.

Jumapili, 22 Juni

Siku ya vipimo. Naiandika kwa kirefu.

Nilianza na nati za gurudumu la kushoto. Mbili ziliachia kwa mkono mmoja. Ya tatu tulisimama juu ya wili spana mimi na mdogo wangu, mmoja baada ya mwingine. Gurudumu hili limepata pancha mara mbili mwaka huu, na huko vijiwe vya pancha nati hukazwa kwa kuchomeka bomba kwenye spana, ile ya kwanza kwa nguvu zote, nyingine kwa haraka. Diski imebanwa kati ya gurudumu na habu (kitovu cha chuma kinachobeba gurudumu), kwa hiyo nati zikivuta upande mmoja zaidi, diski nayo huvutwa.

Nikarudisha nati tano bila gurudumu, na washa nene chini ya kila moja, nikazikaza sawasawa ili diski ikae kama inavyokaa barabarani. Kitako cha geji kwenye nakoli (chuma kinachobeba habu, chenyewe hakizunguki), ncha kwenye uso wa diski, sentimita moja kutoka ukingoni. Halafu unazungusha diski kwa mkono, polepole, huku macho yako kwenye mshale.

Mshale ulipanda, ukapanda, ukasimama, ukarudi. Kutoka chini hadi juu, diski inayumba milimita 0.13. Kikomo ambacho Toyota hukitaja kwenye vitabu vyake vingi vya ufundi ni karibu 0.05. Upande wa kulia: 0.04.

Maikromita sasa. Nimechora alama nane kwa chaki kuzunguka diski nikapima unene kwenye kila alama. Kulia, sehemu nene na nyembamba zinapishana chini ya 0.01. Kushoto zinapishana 0.03. Unywele wa kichwa ni karibu 0.07, kwa hiyo tunazungumzia chini ya nusu ya unywele. Ukipitisha kidole huoni kitu. Lakini pedi zinaona: sehemu nene ikiingia katikati yake, pistoni inarudishwa nyuma, mafuta ya breki yanasukumwa, nguvu ya breki ya gurudumu lile inapanda na kushuka kwa kila mzunguko. Tofauti ya 0.02 tu inatosha kuifanya mikono ihisi.

Hapa ndipo neno "imepinda" linapotupoteza. Diski ya chuma cha kusubu haipindi kirahisi hivyo, na hata ikiyumba, kuyumba peke yake hakutikisi usukani: kalipa, kile kibano kinachoshika pedi, huteleza kwenye pini zake na kuifuata. Shida inatengenezwa taratibu, wakati mguu wako hauko kwenye breki kabisa. Diski inayoyumba inaigusa pedi mahali palepale kila ikizunguka. Zidisha mara 500 kwa kila kilomita, kwa kilomita 5,000. Palipoguswa panaliwa, panakuwa pembamba. Baada ya miezi minne una diski yenye unene usiolingana, unaenda dukani, unafunga mpya, nayo inaanza kuliwa siku hiyohiyo.

Basi kwa nini inayumba? Nimeitoa diski. Uso wa habu, pale inapokaa, umejaa kutu, lakini kati ya stadi mbili (boliti zinazofungwa nati za gurudumu) kuna ganda lililonyanyuka, ukubwa wa kucha ya kidole gumba, jeusi katikati na jekundu pembeni. Nimeligusa kwa ukucha, halitoki. Nimelisugua kwa kitambaa chenye petroli, halitoki. Uso huo una upana wa sentimita 14 hivi, na diski ina karibu sentimita 30. Ganda la milimita 0.06 upande mmoja wa habu, likifika ukingoni mwa diski, limeshakuwa mara mbili.

Halafu nikakumbuka zile diski za Agosti 2024. Sikuzitupa, zipo nyuma ya jiko, mama anazitumia kuzuia turubai la kuanikia mawese lisipeperuke. Nikaziosha. Ya kushoto, kwa ndani, ina alama inayong'aa mahali pamoja tu, umbo la kucha ya kidole gumba, katikati ya matundu mawili ya stadi. Nikaiweka juu ya habu na kuizungusha mpaka alama na ganda vikakutana. Vimelingana kama muhuri na karatasi yake.

Nimeipima unene: inapishana 0.03 na kidogo. Ya kulia ya zamani: iko sawa. Nilikuwa nimezitoa kazini diski mbili, moja ilikuwa nzima na nyingine ilihitaji kuchongwa tu.

Nimekaa chini nikaitazama ile alama muda mrefu. Fundi naye nilimpigia simu, akaja na pikipiki, akaigeuzageuza mkononi akasema, "Hii sijawahi kuipima. Lete geji nione." Tukarudia vipimo vyote pamoja mpaka magharibi.

Jumamosi, 28 Juni

Habu zote mbili nimezisafisha. Brashi ya waya kwanza, kisha kipande cha msasa kilichobandikwa kwenye kibao kidogo ili nisichimbe uso, na kuzunguka kila stadi nikatumia bomba fupi nililolizungushia msasa kwa ndani. Lile ganda lilitoka vipande vipande kwa tindo niliyoilaza. Ndani ya kikombe cha diski vilevile, mpaka chuma kikaonekana.

Nikairudisha diski ileile, bila kubadili chochote kingine. Geji: 0.05. Kutoka 0.13! Nikaisogeza stadi moja mbele, kisha nyingine, kwa sababu diski na habu kila kimoja kina kasoro yake ndogo, na zipo nafasi ambazo kasoro hizo zinafutana. Kwenye nafasi ya nne: 0.03. Nimeweka alama ya rangi kwenye stadi na kwenye diski ili zisipoteane.

Unene usiolingana haukuondoka, maana umeshaliwa kwenye chuma. Diski bado ni nene, ziko mbali na kikomo kilichoandikwa ukingoni mwake, hivyo nimezipeleka zote mbili kwenye mashine ya kukereza. Nilimwomba yule bwana mambo mawili: asafishe kitako cha mashine kabla ya kuzifunga, na apitishe makali mepesi pande zote mbili. Alichukua milimita 0.1 kila upande. Maikromita baada ya hapo haikuonyesha tofauti ninayoweza kuisoma.

Kalipa ya kushoto ilikuwa na pini moja kavu, inasogea kwa kunung'unika. Nimeisafisha na kuipaka grisi ya breki, ile ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi usiiweke hapo, inavimbisha mpira na pini itakwama zaidi ya ilivyokuwa. Pedi zina unene wa kutosha, nimezisugua kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka uso wote ukawa na rangi moja.

Jumapili, 29 Juni

Nati nimezikaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, Nm 103, mtindo wa nyota, kwa hatua tatu. Bushi ya zamani, ile yenye ufa, iko palepale.

Barabara ya Mwandiga tena, asubuhi na mapema. Nimezizoesha pedi kwanza: mara kumi kutoka 60 hadi 15, breki za wastani, bila kusimama kabisa, nikiacha upepo uzipooze katikati. Kusimama huku unabana pedi za moto juu ya diski huacha alama ya pedi mahali pamoja, na alama hiyo nayo ni unene.

Kisha kutoka 80, kwa nguvu. Usukani ulitulia. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu nikiwa nimeushika kwa vidole viwili, mdogo wangu akiwa kimya na daftari wazi magotini. Aliandika neno moja: "Hakuna."

Jumapili, 6 Julai

Manyovu na kurudi, pamoja na mama. Kupanda ni raha ya injini hii. Kuteremka nimebadilisha tabia: naingia gia ya tatu, kwenye kona kali gia ya pili, injini inabeba uzito, breki nazitumia kwa vipindi vifupi na kuziachia. Zamani nilikuwa naziegemea kutoka juu mpaka chini. Tuliposimama kununua ndizi nilivuta handibreki na kuondoa mguu kwenye kanyagio.

Kabla ya Mwandiga nilimwambia mama nitakanyaga breki kwa nguvu, ashike vizuri. Alishika. Gari likainamisha pua, likasimama limenyooka. Akaniuliza, "Ndiyo hiyo?" Ndiyo hiyo, mama.

Geji na maikromita nimevirudisha jioni hii.

Jumamosi, 12 Julai

Bushi imefika, fundi ameikandamiza kwenye presi, tumeifunga kwa dakika 50. Boliti yake tumeikaza gari likiwa limekalia magurudumu, kwa sababu ukiikaza mguu ukining'inia, mpira unabaki umejipinda muda wote na utachanika mapema. Nimepeleka alaimenti mchana. Usukani sasa unajibu haraka zaidi kwenye kona, lakini kwenye breki sijaona tofauti na wiki iliyopita.

Ijumaa, 8 Agosti, Nane Nane

Leo sikukuu, nimeazima tena vile vifaa. Kilomita 1,920 tangu diski zikerezwe.

Kushoto: kuyumba 0.03, unene unapishana chini ya 0.01. Kulia: 0.03, na unene vilevile. Katikati ya Julai nilipata pancha tena; nilisimama pale kijiweni na toki renchi yangu, kijana akafungua na kuziba, nati nikakaza mimi. Akaniomba nimwonyeshe namna ya kuiweka kwenye 103. Nimemwonyesha.

Odomita inasoma 143,870. Kipimo kinachonihusu hasa ni cha 146,950, ambapo diski hizi zitatimiza zile kilomita 5,000 ambazo mara mbili zilizopita hazikuvukwa salama. Nimeiandika namba hiyo kwa rangi nyeupe chini ya boneti.

Mwenye geji amekuja nayo mwenyewe mara hii. Mark II yake inatetemeka kwenye breki tangu Pasaka, na ameshanunua diski mpya, ziko kwenye buti bado na karatasi zake. Tumekubaliana zikae huko. Kesho asubuhi tunaanza na nati zake.